Kutunza na Kurekebisha Magari ya Rimoti ya Mashindano ya Lami, Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila tunapokusanyika pembeni mwa lami siku ya Jumapili. Mengine huulizwa na wazazi waliowanunulia watoto gari la kwanza, na mengine huulizwa na waendeshaji wenye miaka kadhaa katika mchezo. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo linapokuwa limeelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Ni magari ya aina gani yanayozungumziwa hapa?

Ni magari ya umeme ya kipimo cha 1/10 yaliyoundwa kwa mfano wa magari ya saluni ya mashindano, yanayoendeshwa kwa rimoti juu ya lami, saruji au zulia. Gari la namna hii huwa na upana wa milimita 190, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hukaribia milimita 257. Mota moja huzungusha magurudumu yote manne kwa mikanda au kwa shafti ya katikati. Mchujo wa kawaida huchukua dakika 5, na anayeshinda ni yule aliyekamilisha mizunguko mingi zaidi ndani ya muda huo.

Mifano mingi hapa chini imechukuliwa kwenye Tamiya TT-02, gari lililotoka mwaka 2013 kuchukua nafasi ya TT-01 ya mwaka 2003. Ni gari la bei ya kuanzia, ni imara, na gia zake zimefunikwa vizuri, jambo ambalo mtu wa Arusha hulithamini kuliko mtu anayekimbiza gari lake ndani ya ukumbi.

2. Gari la rimoti la dukani la watoto linaweza kuboreshwa likaingia mashindanoni?

Kwa kawaida haliwezi. Katika magari hayo kipokezi cha mawimbi, kidhibiti mwendo na mfumo wa usukani huwekwa kwenye bodi moja ya umeme, kwa hiyo kimoja kikiungua vyote vimekufa, na spea haziuzwi. Mwache mtoto alichezee, nawe uweke akiba ya gari linaloweza kufunguliwa hadi skrubu ya mwisho.

3. Nina gari jipya na fedha kidogo. Nianze kubadilisha nini?

Wengi huanza na mota, na hapo ndipo fedha inapopotelea. TT-02 huja na bushi (pete zisizo na gololi) kwenye sehemu zinazozunguka, na vumbi letu huzila bushi hizo haraka. Badili zote ziwe beringi za chuma. Gari litakimbia zaidi kwa mota ileile, betri itadumu zaidi, na mota haitachemka kwa kupambana na msuguano.

Kisha badili shokapu. Zile za kiwandani katika magari mengi ya kuanzia hazina mafuta ndani, ni springi na plastiki inayojisugua, kwa hiyo gari hurukaruka kwenye kila kiraka cha lami. Shokapu za mafuta, hata za plastiki za bei nafuu, hulishikisha gari chini. Tatu ni matairi, ambayo yameelezwa kwenye swali la 18. Mota iwe ya mwisho, na mwendeshaji ainunue pale tu anapoweza kumaliza dakika 5 bila kugonga, kwa sababu mwendo usiodhibitiwa huongeza gharama ya spea tu.

4. Ni zana zipi zisizoepukika?

Bisibisi ndiyo ya kwanza, na iwe sahihi. Skrubu zenye msalaba za magari ya Kijapani zina umbo la viwango vya JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai hadi chini ya tundu; huteleza na kuliviringisha. Ukiona unga wa chuma unaong'aa juu ya kichwa cha skrubu, tayari umeanza kuiharibu. Magari ya daraja la juu hutumia skrubu za alenki, hasa za milimita 2 na 1.5, na alenki ya bei rahisi huziharibu vilevile.

Ongeza koleo ya ncha nyembamba, pasi ya kulehemu ya wati 60 au zaidi, mita ya umeme, rula ya vernia, mswaki, brashi ya rangi ya inchi moja na kipande cha kioo kinene. Kioo hicho fundi vioo wa mtaani hukikata kutoka mabaki yake. Omba cha milimita 6, sentimita 30 kwa 50, na umwombe asugue kingo. Ni meza bapa ya kupimia gari, na kazi yake inaonekana kwenye swali la 15.

## Matunzo

5. Nisafisheje gari baada ya kukimbia?

Vumbi la Arusha lina asili ya majivu ya volkano ya Mlima Meru. Ni laini machoni, lakini lina ncha kali na hukwangua chuma. Upande wa Moshi udongo mwekundu hunata zaidi, hasa unapokutana na grisi. Yote mawili yanataka gari lisafishwe siku ileile, kabla vumbi halijajenga tabaka kwenye viungo.

Ondoa bodi, yaani ganda la nje la gari, na betri. Anza na brashi kavu ukitoka juu kwenda chini, kisha mswaki kwenye viungo vya mikono ya magurudumu na kuzunguka pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Puliza kwa pampu ya baiskeli au ya mpira. Kompresa ya gereji itumie kwa mbali tu, maana ikikaribia huyasukuma mavumbi ndani ya beringi. Sehemu za plastiki zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwagie gari maji, na usipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila kitu, kwa sababu mafuta hayo hugeuka gundi ya vumbi mazoezi yanayofuata.

Ukishamaliza, zungusha kila gurudumu kwa kidole na usikilize. Gurudumu zima huzunguka kimya na kusimama polepole. Likitoa sauti kama ya mchanga kwenye sufuria, nenda swali la 6.

6. Beringi inakwaruza. Niitupe?

Isafishe kwanza. Chomoa kifuniko chake kwa ncha ya wembe ukianzia ukingo wa ndani, itumbukize kwenye kifuniko cha chupa chenye petroli kidogo, izungushe, umwage, urudie hadi petroli itoke safi. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Iache ikauke, weka tone moja tu la mafuta mepesi ya cherehani, kisha rudisha kifuniko. Kama bado inakwaruza au ina mchezo wa kushoto na kulia, haifai tena.

7. Gia yangu kubwa imesagika meno baada ya siku mbili. Kwa nini?

Sababu ni tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni kuchanganya vipimo vya meno. Magari ya Tamiya kama TT-02 hutumia moduli 0.6, ilhali pinioni nyingi zinazouzwa kwingine ni za pichi 48 au 64. Kwa jicho zinafanana, lakini meno hayakai pamoja hata ukizibana vipi.

Ya pili ni nafasi kati ya pinioni na gia kubwa. Kwa gari ambalo mota yake inasogezwa, kata utepe wa karatasi ya kawaida ya daftari, uuzungushe kati ya gia hizo mbili, sukuma mota hadi karatasi ibanwe, kaza skrubu, kisha toa karatasi kwa kuizungusha. Karatasi itoke na mikunjo kama ya malinda ya sketi, bila kutoboka. Ikitoboka, umebana mno. Ikitoka bapa, umelegeza mno. Baada ya hapo shika gia kubwa uitikise: lazima isikike mguso mdogo kabla mota haijaanza kuzunguka, na mguso huo uwepo kwenye mzunguko mzima. Katika baadhi ya magari ya kuanzia mashimo ya mota yamepangwa tayari kwa idadi fulani ya meno, na hapo unafuata alama tu.

Ya tatu ni skrubu ndogo ya pinioni. Shafti ya mota ina upande mmoja uliobapa, na skrubu hiyo lazima ikae juu ya ubapa huo. Niliwahi kuikaza usiku kwa taa ya simu, ikakaa pembeni kidogo. Mzunguko wa nne pinioni ikasogea, ikala nusu ya upana wa gia kubwa, nami nikarudi nyumbani na gari kwapani. Tangu siku hiyo naizungusha shafti hadi ubapa utazame juu kabla sijagusa alenki.

8. Shokapu hujazwaje, na mafuta ya injini yanafaa?

Mafuta ya injini hayafai. Shokapu hizi zina oringi za mpira unaovimba ukikutana na mafuta hayo, pistoni hukwama, na baadaye huvuja. Tumia mafuta ya silikoni yenye namba ya uzito. Kwa lami yetu yenye mabaka, anza kati ya 300 na 400 za sentistoki; zulia au saruji laini huhimili mazito zaidi.

Simamisha shokapu wima, pistoni ikiwa chini, mimina mafuta hadi karibu na mdomo. Pandisha na kushusha pistoni taratibu, bila kuitoa nje ya mafuta, mpaka viputo vyote vipande. Iache isimame dakika 10. Kisha sukuma shafti juu kwa kiasi unachotaka, weka kiwambo cha mpira, funga kifuniko na ufute kilichomwagika. Shokapu mbili za ekseli moja lazima zirudi kwa mwendo sawa. Ziweke sambamba mezani, uzibonyeze kwa kidole gumba kimoja kwa wakati mmoja, na uone kama zinapanda pamoja. Zisipopanda pamoja, zifungue upya, kwa maana gari lenye shokapu zisizolingana halirekebishiki kwa njia nyingine.

Mafuta haya huwa mazito kwenye baridi. Gari lililokuwa tamu mchana wa Februari litaonekana gumu asubuhi ya Julai mjini Arusha, na si kosa la mwendeshaji.

9. Difu inahitaji matunzo gani?

Difu ya gia, inayoruhusu magurudumu ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, hufunguliwa baada ya siku chache za mbio, huoshwa na kujazwa upya. Ile ya nyuma ikiwa na silikoni nyepesi, gari huzunguka kona kali kwa urahisi lakini tairi la ndani huzunguka bure wakati wa kutoka. Ya mbele huwekwa nzito zaidi, na wengine huifunga kabisa ili gari livutwe kwa usawa. Kwa TT-02 isiyo na muhuri wa mafuta, tumia grisi nzito, kwa sababu silikoni nyepesi itavuja yote.

10. Skrubu zinalegea kila mara. Niweke gundi ya nati?

Weka pale tu chuma kinapoingia kwenye chuma, kama vile skrubu za mota na ile ya pinioni, na tone moja linatosha. Usiiweke kwenye plastiki, kwani baadhi ya plastiki hupasuka inapoguswa na gundi hiyo. Skrubu inayoingia kwenye plastiki ikilegea, tundu limechoka. Badili kipande, au tumia skrubu ndefu zaidi kidogo kama nafasi ipo. Unapoirudisha, izungushe kwanza kinyume hadi uisikie ikiingia kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze.

## Mota, gia na betri

11. Ninachaguaje pinioni?

Anza na hesabu. Gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari. TT-02 ina gia kubwa ya meno 70, pinioni ya 22 na uwiano wa ndani wa 2.6, hivyo 70 ÷ 22 × 2.6 ni takribani 8.27. Maana yake mota huzunguka mara 8.27 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi la kipenyo cha milimita 63 lina mzingo wa karibu milimita 198, kwa hiyo kila mzunguko wa mota hulisogeza gari milimita 24. Ukiweka pinioni ya 25, uwiano hushuka hadi 7.28 na gari husogea milimita 27.

Pinioni kubwa huongeza mwendo wa mwisho, hupunguza wepesi wa kuondoka na huongeza joto. Ongeza jino moja moja, kimbia dakika 3, simama upime joto la mota. Katika uwanja mfupi wenye kona nyingi, kama maegesho ya duka yaliyofungwa siku ya Jumapili, pinioni ndogo humaliza mbele ya pinioni kubwa mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia.

12. Mota inachemka. Joto gani ni hatari?

Mota ikizidi nyuzijoto 75 kwa kipimo cha nje, simama. Sumaku zilizozidiwa na joto hupoteza nguvu moja kwa moja, na mota iliyopungukiwa na sumaku huvuta umeme mwingi zaidi, ikachemka zaidi. Kipima joto cha kuelekezea kiwe cha ufundi. Vile vya kupima homa kwenye paji la uso havifai, kwa kuwa vimeundwa kwa joto la mwili wa binadamu tu. Usipokuwa nacho, gusa mota kwa kidole: ukishindwa kuvumilia sekunde 3, punguza pinioni.

Kabla ya kulaumu pinioni, kagua beringi (swali la 6), gia zilizobanwa (swali la 7) na breki ya rimoti isiyorudi katikati.

Urefu wa mahali nao una neno lake. Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya pwani. Moshi, iliyo chini zaidi, pungufu ni kama asilimia 8. Mota ya umeme haihitaji hewa ili kuzunguka, lakini huihitaji ili kupoa. Kwa hiyo mpangilio wa gia ulioletwa na rafiki kutoka Dar es Salaam upunguze jino moja kabla ya kuujaribu huku, na feni ndogo juu ya mota ni fedha iliyotumika vizuri.

13. Nibaki na mota ya brashi au nihamie isiyo na brashi?

Mota ya brashi ya aina ya 540 ni ya bei ndogo na inamfundisha mtu kuendesha, lakini brashi zake huisha na vumbi huingia ndani. Ikiwa mpya, izungushe bila mzigo kwa betri kavu mbili, yaani volti 3, kwa dakika kadhaa ili brashi zijikalie. Isiyo na brashi hudumu zaidi na haina cha kubadilisha ila beringi. Ukiinunua kwa mbio, chagua yenye namba kubwa ya mizunguko ya waya, kama 21.5 au 17.5. Namba ikipungua, mota inakuwa na kasi zaidi, na 10.5 kwenye mikono ya anayeanza ni njia ya mkato ya kuvunja mikono ya magurudumu ya mbele. Kumbuka kidhibiti mwendo cha mota ya brashi hakiendeshi isiyo na brashi, isipokuwa kimeandikwa hivyo.

14. Betri za LiPo (lithiamu-polima) zichajiwe na kutunzwa vipi, hasa umeme unapokatika?

Betri ya seli mbili ina volti 7.4 za kawaida na 8.4 ikijaa, yaani 4.2 kwa kila seli. Usiishushe chini ya volti 3.2 kwa seli, na weka mipaka hiyo kwenye kidhibiti mwendo kabla ya mbio. Ichaji kwa chaja yenye programu ya LiPo na waya wa kusawazisha seli, kwa kiwango sawa na ujazo wake: betri ya mAh 5000 huchajiwa kwa ampea 5. Programu ya NiMH (betri za nikeli) kamwe isitumike kwa LiPo, kwa sababu haijui pa kusimama. Betri ya kukaa wiki iachwe kwenye volti 3.8 kwa seli, mahali penye baridi, si ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na usiondoke chumbani wala kulala. Naliandika hili kwa uzito wote. Moto wa LiPo huanza kwa sekunde chache, na moshi wake ni sumu.

Chaja nyingi hupokea pia volti 12, kwa hiyo betri ya gari hutosha uwanjani na wakati wa giza. Kujaza betri moja ya mAh 5000 huchukua takribani Ah 4 kutoka kwenye betri ya gari, hivyo betri ya Ah 50 iliyo nzima itajaza kama sita kabla haijafika nusu. Usiishushe zaidi ya hapo, la sivyo gari la familia halitawaka jioni.

Betri iliyovimba, hata kidogo, haichajiwi tena. Ipeleke nje, unganisha balbu ya kiashiria cha gari ya volti 12 kwenye nyaya zake uiache hadi izime kabisa, kisha funga ncha zake kwa tepu kabla ya kuitupa. Kwa safari ya ndege kutoka KIA au popote, betri za akiba hubebwa kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa. Ya mAh 5000 ina Wh 37, chini ya kikomo cha Wh 100.

## Tabia ya gari uwanjani

15. Gari linavuta upande mmoja ninapokaza mwendo.

Usianze kwa kugeuza kitufe cha rimoti. Weka gari juu ya kioo (swali la 4), likiwa na betri lakini bila bodi. Ingiza ncha ya bisibisi katikati kabisa ya mbele ya chasisi, inua taratibu, na tazama magurudumu ya mbele. Yakiacha kioo pamoja, mbele iko sawa. La kushoto likiinuka kwanza, uzito haujagawanyika sawa. Fanya vivyo hivyo nyuma. Mara nyingi sababu ni sahani ya juu iliyokazwa gari likiwa limejisokota baada ya ajali. Legeza skrubu zake zote, bonyeza chasisi juu ya kioo, kaza tena kwa kuvukavuka. Kama bado, pima urefu wa springi na ukague shokapu (swali la 8).

16. Gari halitaki kuingia kona. Nirekebishe nini?

Kwanza fahamu ni wakati gani. Likikataa mwanzoni mwa kona, mbele inakosa mshiko. Jaribu springi laini za mbele au mafuta mepesi kidogo. Likikataa mwishoni, unapokaza mwendo, mara nyingi ni mshuko mkubwa wa mikono ya mbele, yaani magurudumu kushuka sana gari linapoinuliwa. Badili kitu kimoja tu kila unapotoka uwanjani na ukiandike kwenye daftari. Aliyebadili vitu vitatu kwa pamoja hawezi kujua kilichomsaidia.

Kimo cha chasisi kutoka ardhini huanzia milimita 5 kwenye lami nzuri. Kwenye maegesho yenye nyufa ongeza hadi 6 au 7. Magurudumu yalale kwa juu kuelekea ndani kwa nyuzi 1.5 hadi 2. Tairi likiisha ukingo wa ndani pekee, umelaza mno.

17. Mkia unateleza kila ninapotoka kona.

Hakikisha magurudumu ya nyuma yanaelekea ndani kidogo kwa mbele. Magari mengi ya mbio hutumia nyuzi 3 au karibu na hapo. Kisha springi laini za nyuma. Kisha mazoea ya kidole: wengi hukandamiza mwendo kabla magurudumu ya mbele hayajanyooka.

18. Matairi gani yanafaa lami yetu?

Matairi ya mpira yenye sponji ndani, yaliyogundishwa kwenye rimu kwa gundi ya papo hapo. Namba yake ni ugumu: 24 ni laini na hufaa asubuhi ya baridi, 36 ni gumu na huvumilia lami iliyochomwa na jua la mchana. Lami yenye mavumbi huyanyima matairi yote nafasi, kwa hiyo ufagio ndio kifaa cha kwanza cha mshiko. Fagieni mstari wote wa mbio, kisha kila mmoja afute matairi yake kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanza. Dawa za kulainisha matairi zipo, lakini nyingi zina kemikali kali na baadhi ya mashindano huzikataza, kwa hiyo ulizeni kwanza.

19. Ni kweli watu humwagia lami maji ya sukari?

Ni kweli, na ni desturi ya miaka mingi katika mbio za maegesho. Maji yenye sukari yakikauka huacha utando unaonata, na matairi hushika vizuri. Mtu wa Moshi anayeishi jirani na mashamba ya miwa ya TPC angeona ni jambo rahisi, lakini kuna mawili: sukari ni chakula na bei yake tunaijua, na eneo huwa la mtu mwingine. Bila ruhusa ya mwenye eneo, na bila ndoo za maji ya kuosha mwisho wa siku, msifanye. Sisimizi na nyuki hufika kabla hamjafunga mizigo.

20. Bodi imepasuka. Inatengenezeka?

Bodi hizi ni za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na hupakwa rangi kwa ndani. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha kwa ndani bandika wavu wa plasta ya ukuta kwa gundi ya viatu inayobaki laini ikikauka. Ukitaka kupaka rangi, tumia rangi iliyotengenezwa kwa plastiki hiyo; ile ya kawaida ya kopo hubanduka kwenye ajali ya kwanza. Tina na asitoni visiikaribie.

## Maswali ya nadra

21. Mbio ziendelee mvua ikinyesha?

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku nyingi huamua zenyewe. Kama kidhibiti mwendo na servo (mota ndogo inayogeuza usukani) vimeandikwa kuwa havipitishi maji na kipokezi kimefungwa kwenye puto, gari linaweza kukimbia. Beringi ndizo zinazolipia: zifungue jioni ileile kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6, kwani kesho yake zitakuwa na kutu.

22. Fundi wa mashine anaweza kunichongea spea?

Anaweza, na kazi nyingine hutoka nzuri kuliko ya dukani. Karakana za mtaa wa Unga Limited, Arusha, zimewahi kunichongea sahani ya mota ya alumini na spesa za shokapu. Peleka kipande halisi pamoja na mchoro wenye vipimo vya vernia, na useme wazi kuwa tofauti ya nusu milimita inakataa. Usiombe achonge gia, kwa sababu meno madogo kiasi hicho yanahitaji kikata maalumu. Usiombe pia mikono ya magurudumu ya alumini. Ile ya plastiki hupinda na kurudi, ilhali ya alumini hupeleka nguvu ya ajali kwenye chasisi, ambayo ni ghali zaidi.

23. Gari la mafuta lililosetiwa pwani halina nguvu huku.

Injini hizo hupumua, na hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, kwa hiyo mchanganyiko wa pwani huwa na mafuta mengi mno. Kaza sindano ya mafuta kidogo kidogo, robo ya robo ya mzunguko, ukitazama moshi na joto. Moshi mwembamba wa bluu lazima ubaki. Ukitoweka, injini inakauka.

24. Gari liliacha kutii rimoti likaenda kasi hadi kwenye miguu ya watu. Nifanye nini?

Kipokezi cha GHz 2.4 kina mpangilio wa dharura unaoamua gari lifanye nini mawasiliano yakikatika, na wengi hawauwekei thamani yoyote. Fuata maelekezo ya rimoti yako uuweke kwenye breki. Kisha ujaribu: pandisha gari juu ya kopo ili magurudumu yawe hewani, kaza mwendo kidogo, zima rimoti. Magurudumu yasiposimama mara moja, gari hilo halishuki uwanjani. Fanya jaribio hili kila asubuhi ya mbio, hasa palipo na watoto wanaokaa ukingoni mwa lami. Washa rimoti kwanza ndipo gari, na wakati wa kuzima, anza na gari.